Mwenyekiti Hapatikani Siku ya Uchaguzi

 

Kuna ajenda moja ambayo ikifikiwa katika mkutano wa mwaka wa kikundi, kila mtu anapata ujumbe wa kusoma kwenye simu. Mwenye mtoto mgongoni anakumbuka kwamba mtoto hajala. Mwenye duka anakumbuka duka. Wale wa nyuma, waliokuwa wakipiga soga tangu taarifa ya fedha, wananyamaza ghafla. Ajenda yenyewe ni uchaguzi wa viongozi. Mwenyekiti anayemaliza muda anauliza, "Haya, nani yuko tayari?" Kimya. Anauliza tena. Kimya. Mara ya tatu anasimama mmoja, mara nyingi ni yule mwenye haraka ya kuondoka, anasema, "Mimi naona viongozi wetu waendelee tu, wametufanyia kazi nzuri." Makofi. Katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe kwa kauli moja waliwarudisha viongozi wote, na soda zinagawiwa.

Awe mtu wa kikundi cha kuweka na kukopa, awe wa kamati ya maji, wa kwaya, wa kamati ya shule au wa chama cha kufa na kuzikana, hayo anayajua. Na maneno ya njiani baada ya mkutano anayajua pia: watu wa siku hizi hawajitolei, kila mtu anaangalia tumbo lake, zamani watu walikuwa na moyo.

Leo nataka kubishana na maneno hayo. Mimi nasema watu wa kuongoza wapo, tena wengi. Shida ni kwamba tunawatafuta siku moja tu kwa mwaka, na tukishampata mmoja tunamtwisha mzigo usio na kipimo wala mwisho.

Tazama kamati ya harusi. Wale wale waliokwepa ukatibu wa kikundi mwezi uliopita, utawakuta kwenye kamati ya harusi ya binti wa jirani. Wanakutana kila wiki, miezi mitatu mfululizo. Wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wana kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo, ya usafiri. Wana daftari la ahadi, na wana mtu wa kuwapigia simu walioahidi wakapotea, kazi ambayo mimi nisingeipokea hata kwa mshahara. Mamilioni ya shilingi yanapita mikononi mwao na hakuna anayelipwa. Kinyume chake, kila mmoja ametoa mchango wake kwanza. Harusi inafanyika, ukumbi unalipwa, wageni wanakula. Kisha kinaitishwa kikao cha kuvunja kamati. Hesabu zinasomwa, wenye madeni wanatajwa au wanasitiriwa, mnakula nyama, mnaagana.

Sasa watu hao hao wasio na moyo wa kujitolea wameupata wapi moyo huo? Wameupata kwa sababu harusi ina tarehe. Anayekubali kusimamia usafiri anajua kwamba Jumapili asubuhi, baada ya gari la mwisho kurudi, yuko huru. Anajua pia kwamba kazi yake ni usafiri basi. Wali ukiungua, hilo ni la mwingine. Na anajua kwamba mwisho wake kuna kikao ambacho hesabu zitasomwa mbele ya watu, kwa hiyo hatabaki na jina la mwizi mpaka uzeeni.

Anayeombwa kuwa mwenyekiti wa kikundi naye anaambiwa nini? Haambiwi ni kwa muda gani. Katiba inasema mwaka mmoja, lakini wote wanajua aliyepo amekaa miaka tisa. Haambiwi kazi yenyewe ni ipi. Anachokiona ni kwamba aliyepo ndiye anayefungua kikao, ndiye anayefuatilia wadaiwa, ndiye anayekwenda halmashauri kuonana na afisa maendeleo ya jamii, ndiye mwenye namba ya siri ya laini ya kikundi, na ndiye anayegongewa mlango usiku mwanachama akifiwa. Aliyeyaona hayo yote akakataa, mimi simwiti mvivu. Amepiga hesabu vizuri.

Wasikilizaji wenye umri mkubwa watakumbuka mwaka 1973, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2, mjini na vijijini, walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili malaria, kichocho, minyoo, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Kila kikundi kilihitaji mtu wa kukiongoza. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Piga hesabu mwenyewe: ni kiongozi mmoja kwa watu wasiofika thelathini, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na uhuru wa miaka kumi na ushee, barabara mbovu, na watu wazima wengi wasiojua kusoma.

Walipatikana vipi? Waliofundishwa ngazi ya juu waliteremka kuwafundisha wa ngazi ya chini, mpaka kufika kwenye kata na kijiji. Mafunzo ya kiongozi wa kikundi yalikuwa ya siku chache tu. Wala hakuambiwa awe daktari. Aliambiwa awakusanye wenzake, wasikilize, aulize maswali, aache watu waseme, kisha wakubaliane watafanya nini wiki hiyo. Na kampeni ilikuwa ya wiki 12. Mkulima wa Dodoma au mvuvi wa Mafia aliyekubali kuongoza kikundi alijua anakubali wiki 12. Mara nyingi tunasikia habari ya ari ya miaka ile, na ari kweli ilikuwapo, lakini waliopanga kazi ile walikuwa na akili ya kuikata vipande ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvibeba.

Turudi nyuma zaidi, mwaka 1955. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipofika Dar es Salaam aliwauliza viongozi wa chama: wanawake wenu wako wapi? Kazi ya kulijibu swali hilo ikamwangukia Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Bibi Titi alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma, na alijua jambo ambalo waheshimiwa wengi hawakulijali: kwamba wanawake wa mji ule walikuwa wamejipanga siku nyingi. Vikundi vya lelemama na ngoma nyingine vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na taratibu za nani anaitwa, na nani, kwa shughuli gani. Akawaendea viongozi wa ngoma. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekaa na Bibi Titi na wenzake katika miaka ya 1980 na kuandika maisha yao, anaonyesha wazi kwamba mtandao ule ulikuwapo kabla ya siasa. Siasa ilipita juu yake.

Ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba Bibi Titi hakuitisha mkutano wa kuuliza nani anajitolea. Alikwenda mahali ambapo watu walikuwa tayari wanaongoza, ingawa hakuna aliyewaita viongozi.

Mahali pa namna hiyo leo ni wapi? Nenda msibani, pita uani, simama jikoni. Watu mia tatu watakula mchana. Kuna mama mmoja pale, mara nyingi hana cheo hata kimoja mtaani, lakini ndiye anayesema wewe na wewe kachoteni maji, nyinyi chagueni mchele, vitunguu vikatwe huku, chai ya wazee itangulie. Sufuria zimeazimwa nyumba kumi na mbili. Jioni kila sufuria inarudi kwa mwenyewe na mfuniko wake. Hajaandika popote. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye mkutano wa kikundi, anakaa nyuma na hasemi neno, kwa sababu mkutano unaendeshwa kwa lugha ya "mheshimiwa mwenyekiti, kwa ruhusa yako," na yeye lugha hiyo si yake. Kwa hiyo tunamchagua anayeijua lugha hiyo. Sufuria zikipotea, tunashangaa.

Au nenda uwanjani kwenye ndondo. Kijana wa miaka ishirini na mbili ameandaa ligi ya mtaa, timu nane. Amekusanya viingilio, amepanga ratiba, amemtafuta mwamuzi asiye na timu, amekaa na manahodha wawili waliotaka kupigana kwa sababu ya mchezaji mamluki. Zawadi ya mbuzi ameinunua kwa hela aliyokusanya na mbuzi ameonekana. Huyu huyu akija kwenye kikundi cha mtaa anaambiwa, "Kijana, hebu panga viti." Anapanga viti mwaka mzima. Mwaka wa pili haji, nasi tunasema vijana hawana mwamko.

Mimi nikitaka kujua nani anafaa, siangalii anayeongea vizuri kikaoni. Naangalia kikao kinapokwisha watu wanamwendea nani. Kuna mtu ambaye hajasema kitu saa mbili nzima, lakini mnapotoka nje watatu wanne wanamzunguka: "Wewe umeionaje hii?" Huyo amekwisha kuchaguliwa, bado kuambiwa tu. Naangalia pia anayeuliza maswali ya hesabu bila ugomvi, yule anayesema, "Samahani, mwezi jana tulisema laki nne na themanini, leo nasikia laki nne na sitini, ishirini iko wapi?" Wengi humwona mchokozi. Mimi ningempa kazi kesho.

Kuna aina tatu za watu ambao tunawakimbilia haraka mno. Wa kwanza ni mwalimu, kwa sababu anajua kuandika. Anapewa ukatibu siku anayofika kijijini, na siku anayohamishwa anaondoka na kumbukumbu zote kichwani. Wa pili ni mwenye nacho, ambaye tunampa ulezi na kisha uenyekiti tukitumaini atachangia. Wa tatu ni mwenye ndoto za udiwani. Huyu wa tatu hujitokeza mwenyewe, hasa mwaka wa uchaguzi mkuu, na kusema kweli hufanya kazi kwa bidii sana mpaka mwezi Oktoba.

Sasa nije kwenye sanduku la fedha la kikundi, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Vikundi vya hisa tulivyonavyo leo, ambavyo wengine huviita vikoba kwa jumla, vina mizizi yake Niger, katika eneo la Maradi, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake waliokuwa wakicheza upatu wao wa kawaida, likawaongezea namna ya kukopeshana na kutunza hesabu. Utaratibu huo ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikwisha kufika Unguja, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na huko kuna somo zuri: mradi ulipokwisha, vikundi havikwisha. Viliongezeka, kwa sababu wanakijiji waliokwisha kujifunza walikuwa wakiwafundisha wengine. Leo ni vigumu kupata wilaya Tanzania isiyo na vikundi hivi, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inavitambua na kuvitaka visajiliwe.

Wengi tukilitazama lile sanduku la chuma tunaona ulinzi wa fedha. Nataka leo ulitazame kama shule.

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, na hao watatu hawatakiwi kuwa miongoni mwa viongozi. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, mtunza sanduku. Kuna wahesabu fedha wawili. Kuna katibu na mwenyekiti. Jumla yao watu wanane. Kikundi kikiwa na wanachama ishirini na watano, karibu theluthi moja ya watu wana kazi inayojulikana, inayoonekana, na ambayo wasipoifanya kikao hakiendi.

Mtazame mshika ufunguo. Kazi yake ni ndogo kuliko zote: kuja na ufunguo. Lakini asipofika, watu ishirini na wanne wanakaa kwenye mkeka wakitazamana na sanduku lililofungwa. Akichelewa nusu saa, anatozwa faini, na anasikia maneno. Baada ya wiki nane hivi mtu huyu amejifunza jambo ambalo hakuna semina ingeweza kumfundisha, kwamba kuna watu wanaomtegemea afike. Na nyinyi mmejifunza kitu kuhusu yeye. Mmejua kama ni wa saa nane kamili au ni wa "niko njiani." Hiyo taarifa, msikilizaji, ni ya thamani kuliko hotuba zote za siku ya uchaguzi.

Mhesabu fedha naye anahesabu kwa sauti, mbele ya wote. Akikosea anasahihishwa hapo hapo na maisha yanaendelea. Mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya wanaume wa kijiji chake, anazoea kusikia sauti yake ikitaja laki na elfu, wiki baada ya wiki. Mwaka unaofuata, akiombwa kusema jambo jingine, sauti iko tayari.

Halafu kuna lile ambalo mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hulidhania mchezo. Kabla ya sanduku kufungwa, kiasi kilichomo kinatangazwa, na wote wanakishika kichwani. Kikao kijacho kabla ya kufungua wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Asiyejua kusoma anajibu sawa na mwalimu. Kwa njia hiyo usimamizi unakuwa wa watu wote, na mtunza sanduku analala usingizi, maana hakuna atakayesema amekula hela ilhali kila mtu anaijua hela ni ngapi. Nimetaja usingizi kwa makusudi. Watu wengi waaminifu wanakataa kushika fedha za umma kwa kuogopa jina baya, na ukimya wa hesabu ndio unaowafukuza. Wale wasioogopa jina baya wanabaki, na unajua mwisho wake.

Utaratibu huu una jambo jingine la busara: mzunguko. Kikundi kinaweka, kinakopeshana, na baada ya kama mwaka mmoja kinavunja, kila mtu anapata chake kulingana na hisa zake. Mzunguko mpya unaanza na uchaguzi mpya. Ni ile ile hekima ya kamati ya harusi. Anayeingia anajua mlango wa kutokea uko wapi.

Lakini nisiwapambie. Vikundi vingi ninavyovijua huzungusha funguo na kusahau kuzungusha daftari. Mshika ufunguo anabadilika kila mwaka, katibu ni yule yule tangu kikundi kianze, na hatimaye katibu ndiye kikundi. Hali ilizidi kuwa mbaya pale ilipokuja mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Jambo jema, lakini linakuja na fomu, andiko la mradi, akaunti ya benki, barua za mtendaji. Mwenye kujua fomu akawa mwenye kikundi. Vipo vikundi vilivyoundwa wiki mbili kabla ya kuomba mkopo, mwenyekiti akateuliwa kwa sababu ana kompyuta, na wanachama wengine wakatoa nakala za vitambulisho vyao tu. Hapo usitafute uongozi wa kujitolea. Hapo pana kampuni ya mtu mmoja yenye majina matano.

Dawa ya daftari ni rahisi kuisema: katibu awe na msaidizi anayeandika kweli. Simaanishi yule wa kwenye karatasi, ambaye huandika siku katibu akiugua. Wiki hii katibu anaandika, msaidizi anatazama. Wiki ijayo msaidizi anaandika, katibu anatazama mikono kaiweka nyuma, hata kama mwandiko ni mbaya na kikao kinachelewa. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Tunapenda kusema tunawalea viongozi wapya, ila hatuvumilii kikao kuchelewa dakika ishirini.

Nizungumzie fedha, maana tukisema kujitolea watu hudhani fedha haipo. Ipo. Mwenyekiti anayekwenda halmashauri mara mbili kwa mwezi analipa nauli. Katibu anayewapigia watu thelathini ananunua vocha. Aliyeacha genge lake siku nzima amekosa mauzo. Mkiyaacha hayo yakae mabegani mwa kiongozi, mtabaki na viongozi wa aina moja tu, wenye uwezo wa kuyabeba, na mama muuza mboga mwenye akili kuliko nyote mtakuwa mmemfungia mlango bila kumwambia. Nauli na vocha vitoke kwenye mfuko wa kikundi, viandikwe, visomwe kikaoni. Hilo halimfanyi mtu kuwa mwajiriwa.

Posho ya kukaa ni jambo jingine, na hapa sina subira. Miradi imetuzoesha kulipwa kwa kukaa kwenye kiti. Mtu anauliza kwanza kikao kina posho kiasi gani, kisha ndipo anauliza kinahusu nini. Profesa Wangari Maathai, alipoanza kazi ya kupanda miti nchini Kenya mwaka 1977, kazi iliyokuja kujulikana kama Green Belt Movement, aliwapa wanawake wa vijijini malipo madogo, senti chache tu. Lakini zililipwa kwa mche uliopona. Mwanamke hakulipwa kwa kuhudhuria wala kwa kuandikisha jina; mche ukifa, hakuna kitu. Kwa hiyo ilimbidi arudi kuutazama, aumwagilie, aulinde na mbuzi, na amfundishe jirani yake aliyechukua miche kwake. Wataalamu wa misitu walisema wanawake wasiosoma hawawezi kuotesha miche. Wale wanawake wakafundishana wenyewe kwa wenyewe, kikundi kwa kikundi, mpaka miti ikafika mamilioni, na mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Senti zile zilikuwa ndogo mno kumvuta mtu mvivu, ila zilitosha kumwambia mwenye bidii kwamba ameonekana.

Kuna swali ambalo msikilizaji mmoja huko bila shaka analo mdomoni: tukimlea kijana, tukimpa funguo, kuhesabu, kuandika, si atahamia mjini? Si atapata kazi ya mradi, au atagombea? Ndiyo, wengine wataondoka. Binti aliyejifunza kuandika muhtasari kwenye kikundi ataajiriwa kama karani kwa sababu hiyo hiyo. Kikundi chenye mtu mmoja anayejua, akiondoka kinakufa. Chenye wanane wanaojua, akiondoka mmoja mnamfanyia soda mnamuaga, kisha mnaendelea na ajenda. Na wengine hawatahama kamwe. Wana mashamba, wana wazazi wa kutunza, wana ndoa. Tatizo ni kwamba hatuwezi kujua leo nani atabaki, kwa hiyo inabidi kulea wengi.

Limebaki la mwenyekiti wa miaka tisa. Hili ni gumu, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyekianzisha kikundi, alikitembelea kwa miguu, alikikopesha hela zake kilipokwama. Kumtoa kwa kura baridi ni kumvunjia heshima, na akikasirika ataondoka na nusu ya watu. Kumwacha nako ni kukiua kikundi taratibu. Wazee wetu wa mitaa wanaojua mambo hawamsubiri afikie siku ya uchaguzi. Wanamwendea nyumbani, jioni, watu wawili anaowaheshimu, miezi sita kabla. Hawamwambii ajiuzulu. Wanamwuliza, "Mzee wetu, unamwona nani anaweza kuishika kazi hii?" Akitaja jina, limekuwa jina lake. Sasa ana sababu ya kumlea huyo badala ya kumwogopa. Kuanzia mwezi huo mwenyekiti anaendesha ajenda ya kwanza na ya pili, huyo mwingine anaendesha ya tatu na mengineyo. Mengineyo, kama mjuavyo, ndiko kwenye ugomvi, na huko ndiko mtu anakojifunza kuendesha kikao.

Vikundi vingi vitavunja mwezi Desemba, watu wapate ada za shule za Januari, kisha vitaanza upya. Ningependa siku hiyo ya kuanza, funguo tatu zikabidhiwe kwa watu watatu ambao hawajawahi kushika kitu chochote, na mmoja wao awe yule kijana wa ndondo. Na huyo mwenyekiti aliyemaliza, msimpeleke kwenye kiti cha mlezi akae kutazama. Mfanyeni mhesabu fedha. Akae kwenye mkeka na wenzake, ahesabu kwa sauti, na akikosea mia tano, yule aliyempokea amsahihishe, kicheko kipite, sanduku lifungwe.